Tabibu na Komeo: Historia ya Tiba ya Waraibu wa Kasumba katika Jela za Marekani

Katika maradhi yote ambayo mwanadamu huingia nayo jela, ni machache yaliyowatia wakubwa wa magereza katika shaka kama haya yatokanayo na kasumba na uzao wake, yaani mofini, heroini na dawa nyingine za ukoo huo. Kwani hakuna awezaye kudai kwamba mwenye kifua kikuu ameyatamani maradhi yake, lakini haya, kwa kuwa aghalabu yalianza kwa mkono wa mgonjwa mwenyewe, yamehesabiwa kwa miaka mingi kuwa nusu maradhi na nusu makosa, na mtu aliye nusu mgonjwa na nusu mkosaji ni mwepesi wa kukosa haki za pande zote mbili.

Yafaa kwanza kuzieleza dalili zake, maana asiyezijua hawezi kufahamu ugomvi uliozuka juu yake. Mtu aliyezoea heroini kila siku, akikamatwa asubuhi na kutiwa mahabusu, kabla jua halijachwa huanza kupiga miayo, na machozi na kamasi humchuruzika bila kilio wala mafua. Usiku wa kwanza jasho na baridi hupokezana mwilini mwake, vinyweleo humsimama, mifupa humwuma na miguu hutupatupa pasipo hiari. Siku ya pili na ya tatu, ambazo ndizo kilele cha mateso, hutapika na kuharisha asiweze kukalisha tumboni hata funda la maji. Baada ya juma moja hivi mwili hutulia, ingawa ukosefu wa usingizi, majonzi na hamu ya dawa huweza kudumu miezi. Hali hiyo vijana wa mwambao wetu huiita arosto. Kwa mwenye afya njema na mwuguzi wa karibu, arosto ni adhabu kali ambayo ni nadra kuua. Lakini mfungwa dhaifu aliyeachwa sakafuni, maji yakimwishia mwilini na mlinzi akidhani kwamba anajifanya, huweza kufa nayo, na jela za Marekani zimetoa maiti za namna hiyo hata katika karne hii tuliyo nayo.

Marekani ya karne ya 19 takriban haikumjua mfungwa wa kasumba, ukiwaacha wale waliokamatwa katika vibanda vya kuvutia afyuni vya Wachina wa San Francisco, ambako sheria ya mji ya kuvipiga marufuku ilipitishwa mwaka 1875. Mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alikuwa amekwisha kuitenga mofini kutoka katika utomvu wa kasumba mwanzoni mwa karne hiyo, na tangu miaka ya 1850 sindano ya kupenya chini ya ngozi ikawapa matabibu njia ya kuitia mwilini kwa haraka. Mofini ikawafuata askari majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikaingia katika chupa za dawa za kikohozi, za kuhara na za maumivu ya wanawake, na chupa hizo zikauzwa madukani bila cheti wala swali. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaitoa heroini sokoni na kuisifu kuwa dawa ya kifua. Wengi walionaswa zama hizo walikuwa wanawake wa nyumba za heshima, wazee wenye maumivu yasiyokwisha, na matabibu wenyewe. Jirani zao waliwahurumia au waliwasengenya, lakini hawakufikiri kuwapeleka kwa hakimu.

Mageuzi yaliletwa na sheria ambayo kwa maandishi yake ilikuwa sheria ya kodi. Ilitiwa sahihi mwezi wa Desemba 1914, ikaanza kutumika Machi 1915, nayo hujulikana kwa jina la mbunge Francis Burton Harrison. Iliwataka wote waingizao, wauzao au watoao kasumba na koka wajiandikishe na kulipa ada, na ikamruhusu tabibu kuzitoa dawa hizo katika kazi yake ya utabibu. Swali likawa hili: je, tabibu ampaye mraibu mofini kila siku ili asipatwe na arosto, apate kwenda kazini na kulea wanawe, anatibu au anauza? Maofisa wa Hazina walijibu kwamba anauza, na mwaka 1919 Mahakama ya Juu, katika kesi ya daktari Webb wa Memphis, ikawaunga mkono. Miji kadhaa ilijaribu kuwaokoa wagonjwa kwa kufungua zahanati za kuwapa dawa kwa kipimo; iliyosifika zaidi ilikuwa ya Shreveport katika jimbo la Louisiana, chini ya daktari Willis Butler, ambaye wagonjwa wake wengi walikuwa na kazi na makazi. Zote zilifungwa kwa shinikizo la serikali kuu, na ile ya Shreveport ilifungwa mwaka 1923. Tangu hapo mraibu hakuwa na mlango wa kupata dawa ila wa magendo, na mlango wa magendo ulifungukia jela.

Matokeo yake yalionekana upesi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, takriban theluthi ya wafungwa wa serikali kuu walikuwa watu waliohukumiwa kwa sheria za dawa hizo, nao walijaa katika magereza ya Leavenworth, Atlanta na kisiwa cha McNeil, yaliyojengwa kwa ajili ya wezi na waghushi fedha. Wakubwa wa magereza walilalamika kwamba hawana matabibu wa kuwatazama, kwamba dawa hupenyezwa ndani kwa hila zisizo na hesabu, na kwamba wagonjwa hao huwaharibu wafungwa wengine. Ni malalamiko ya walinzi kuliko huruma ya matabibu yaliyolisukuma Bunge la Marekani, Januari 1929, kupitisha sheria ya mbunge Stephen Porter, iliyoamuru kujengwa mashamba mawili ya serikali ya kuwafunga na kuwatibu waraibu.

La kwanza lilifunguliwa Mei 1935 nje kidogo ya mji wa Lexington, katika jimbo la Kentucky. La pili lilifuata mwaka 1938 huko Fort Worth, Texas. Lexington lilikuwa jengo kubwa la matofali juu ya kilima, limezungukwa na ardhi ya ekari zipatazo 1,000, lenye ng'ombe wa maziwa, mashamba, karakana za useremala na ushonaji, na vyumba vyenye madirisha ya chuma. Lilikuwa hospitali kwa jina na gereza kwa funguo. Wakazi wake walikuwa wa namna mbili: wafungwa waliotumikia vifungo, na watu huru waliokuja kwa hiari yao kuomba tiba, nao walilala chini ya paa moja na kula katika ukumbi mmoja, wakitofautiana kwa jambo hili tu, kwamba wa hiari angeweza kuondoka siku aliyochoka, na wengi wao waliondoka kabla matabibu hawajaridhika. Wapiga muziki wa jazi mashuhuri walipita humo kwa wingi hata ikasemwa kwamba bendi za Lexington zilikuwa bora kuliko nyingi za mijini, na mwandishi William Burroughs akaieleza nyumba hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1953.

Mkuu wake wa kwanza, daktari Lawrence Kolb, alishika rai kwamba mraibu ni mgonjwa wa nafsi, na kwamba hewa safi, kazi ya mikono na mazungumzo na tabibu vingemrudishia uzima. Katika nyumba hiyo hiyo kulikuwa na maabara ya uchunguzi ambamo daktari Clifton Himmelsbach alifanya kazi ambayo ilikuwa haijapata kufanywa kwa makini hayo: aliipima arosto. Aliandika saa kwa saa miayo, machozi, jasho, joto la mwili, pumzi, mwendo wa damu na uzito uliopungua, akaipa kila dalili hesabu yake, hata mateso ambayo walinzi waliyaita maigizo yakawa namba zilizoandikwa katika daftari. Kuanzia hapo hakukuwa tena na udhuru wa kielimu wa kudai kwamba mfungwa anayetetemeka na kutapika anajisingizia; walakini daftari za Lexington hazikusomwa katika vituo vya polisi vya mitaani, ambako watu waliendelea kuachwa sakafuni mpaka yaishe.

Baada ya vita vya pili vya dunia likaja jambo kubwa zaidi. Wanakemia wa kampuni moja ya Ujerumani, katika viwanda vya Hoechst, walikuwa wametengeneza mwishoni mwa miaka ya 1930 dawa ya kutuliza maumivu isiyohitaji kasumba hata chembe. Washindi wa vita wakaichukua siri yake pamoja na nyingine nyingi, na dawa hiyo, iliyopewa jina la methadoni, ikapelekwa Lexington ijaribiwe. Daktari Harris Isbell na wenzake waligundua, kufikia mwaka 1948, kwamba mgonjwa wa mofini akibadilishiwa methadoni, kisha kipimo kikapunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, arosto yake huwa nyepesi kuliko kwa njia zote zilizotangulia. Na tena kwamba methadoni hukaa mwilini muda mrefu, hata mgonjwa asiihitaji kila baada ya saa chache. Hivyo ndivyo dawa iliyo msingi wa tiba hii duniani ilivyopata kujulikana kazi yake: ndani ya nyumba yenye makomeo, kwa miili ya watu waliofungwa.

Miili hiyo yataka kutajwa kwa haki yake. Wafungwa waliokubali kujaribiwa huko Lexington, wengi wao Weusi, walilipwa kwa kupunguziwa vifungo au kwa kupewa dawa ile ile waliyofungwa kwa ajili yake, na ni mwenye moyo mgumu tu awezaye kuiita ridhaa hiyo kuwa huru. Fauka ya hayo, Isbell aliwapa baadhi yao dawa ya kupumbaza akili iitwayo LSD, tena kwa siku nyingi mfululizo, katika majaribio yaliyogharimiwa kwa siri na shirika la ujasusi la CIA. Mambo hayo yalifunuliwa mbele ya Seneti mwaka 1975, na baada ya muda mfupi uchunguzi juu ya wafungwa ukakomeshwa. Shamba lenyewe lilikuwa limekwisha kugeuzwa kuwa gereza la kawaida mwaka 1974. Elimu aliyoitoa mfungwa ikatumika ulimwenguni kote. Yeye mwenyewe, kama tutakavyoona, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuifaidi.

Tena tiba ya Lexington, kwa uangalifu wake wote, haikudumu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1962, ulioifuata hali ya watu wapatao 1,900 waliorudi New York kutoka nyumba hiyo, ulionyesha kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi waliirudia dawa, na wengi wao kabla ya kupita miezi sita. Sababu moja alikuwa ameitambua daktari Abraham Wikler wa hapo hapo Lexington: mtu aliyekaa miezi mingi bila dawa, mwili wake ukiwa umetakata kwa vipimo vyote, alishuka katika kituo cha gari cha mtaa wake wa zamani, akaona kona aliyozoea kununulia, na papo hapo pua ikaanza kumtiririka na tumbo kumsokota. Kifungo kilikuwa kimeitibu arosto, lakini uraibu kiliuacha ulipo.

Mtu aliyelipindua wazo zima la tiba hiyo hakuwa mtaalamu wa uraibu hata kidogo. Vincent Dole alikuwa tabibu wa taasisi ya Rockefeller mjini New York, mchunguzi wa unene na wa namna mwili utumiavyo chakula, aliyeingia katika jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakati heroini ilipokuwa ikiufisha mtaa wa Harlem. Alisoma kitabu cha mwaka 1956 cha Marie Nyswander, bibi tabibu wa nafsi aliyewahi kufanya kazi Lexington na kutoka humo na chuki juu ya makomeo yake, ambacho kilidai kwamba mraibu atazamwe kama mgonjwa mwingine yeyote. Akamwita, na mwaka 1964 wakaanza kazi pamoja na msaidizi wao kijana, Mary Jeanne Kreek. Walipowapa wagonjwa mofini, wagonjwa walikaa wakiingoja saa ya sindano ifuatayo. Walipowabadilishia methadoni ya kunywa, kwa kipimo kikubwa kisichobadilika, mara moja kwa siku, watu wale wale wakaanza kuzungumza habari za kazi, shule na familia zao. Mwezi wa Agosti 1965 Dole na Nyswander walitangaza habari za wagonjwa 22. Lexington lilikuwa limeitumia methadoni kama ngazi ya kushukia. Dole aliitumia kama kisukari kitibiwavyo kwa insulini, dawa ya kila siku bila tarehe ya kukoma, na hilo ndilo lililowakasirisha maofisa wa serikali kuu, ambao waliona ndani yake uhalifu ule ule wa mwaka 1919.

Dole hakukawia kuipeleka rai yake mahali ilipokuwa na hatari zaidi, yaani jela. Katika jaribio alilolitangaza mwaka 1969, yeye na wenzake walichagua kwa kura, miongoni mwa wafungwa wa jela ya mji wa New York waliokuwa waraibu wa heroini, watu 12 walioanzishiwa methadoni siku chache kabla ya kufunguliwa na kuendelea nayo walipotoka, na wengine 16 wa kulinganishwa nao, waliotoka kama wafungwa wote watokavyo. Wale 16 wote waliirudia heroini, na 15 kati yao walihukumiwa upya. Katika wale 12 hakuna hata mmoja aliyerudi katika uraibu wa heroini, na 9 hawakuhukumiwa tena. Jaribio lilikuwa dogo, lakini ni nadra katika utabibu kuona kundi dogo likitoa jibu lisilo na utata kiasi hicho. Na lau ingekuwa dawa ya maradhi mengine, jela zote za nchi zingeiomba kabla mwaka haujaisha.

Haikuwa hivyo. Mwezi wa Agosti 1970 wafungwa wa jela ya Manhattan, ijulikanayo kwa jina la The Tombs, yaani Makaburi, waliasi na kuwashika walinzi. Jela hiyo ilikuwa imejazwa karibu mara mbili ya idadi iliyojengewa, watu walikaa miezi bila kuhukumiwa, na katika vyumba vyake waraibu waliokamatwa usiku waliachwa watapike mpaka asubuhi, baadhi yao wakijinyonga kabla haijafika. Katika jela hiyo Dole alisimamia mpango wa kuwapa mahabusu wapya methadoni kwa kipimo cha kushuka, siku baada ya siku kwa takriban juma moja, akaeleza habari zake kwa maandishi mwaka 1972. Arosto ilipungua ukali na vyumba vikatulia, jambo lililowapendeza walinzi. Lakini mpango huo ulikuwa tena ile ngazi ya Lexington, ambayo mtu akiisha kushuka huachwa mikono mitupu. Mji wa New York ulikuwa umekubali kuondoa mateso, ila ulikuwa bado haujakubali kutibu maradhi.

Ilipita miaka 15 mingine kabla ya hatua iliyofuata, nayo ilichukuliwa katika kisiwa cha Rikers, ambacho mji ulikinunua mwaka 1884 kutoka kwa ukoo wenye jina hilo na kukifanya jela tangu 1932. Ukimwi ulikuwa umekwisha ingia katika sindano za New York, na kila mraibu aliyetoka jela akarudi katika sindano ya kuazima alikuwa hatari kwake, kwa mkewe na kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka 1987 ukaanzishwa huko Rikers mpango wa kuwapa mahabusu methadoni kwa kipimo cha kudumu muda wote wa kifungo chao kifupi, na siku ya kutoka kuwapeleka katika kliniki ya mtaani ambako jina lao limekwisha andikwa. Ulikuwa wa kwanza wa namna yake katika Marekani. Hata hivyo ulikuwa na mpaka unaofundisha mengi: aliyetazamiwa kupelekwa katika magereza ya jimbo, kwa kifungo kirefu, alipunguziwa dawa mpaka ikaisha, kwa sababu magereza hayo hayakuitambua methadoni. Maradhi yaliyohesabiwa kuwa ya kutibiwa kwenye kisiwa yaliacha kuhesabiwa hivyo mara mgonjwa alipopandishwa gari kwenda gereza jingine.

Kwa nini jela nyingine, ambazo ni maelfu katika nchi hiyo, hazikuifuata Rikers? Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi zote. Methadoni ni dawa yenye nguvu, na mfungwa huweza kuificha kinywani akaiuza chumbani. Sheria ya kuitoa iliihitaji kliniki yenye leseni, na jela ndogo ya wilaya, yenye mwuguzi mmoja wa mchana, haikuwa nayo. Wakubwa wa jela wengi huchaguliwa kwa kura, na mpiga kura hafurahi kuambiwa kwamba kodi yake humnunulia mfungwa dawa ya ukoo wa kasumba. Lakini nyuma ya sababu hizo ilikuwapo moja ya zamani zaidi, ya kwamba mateso ya arosto yatamfunza mtu asirudie. Juu ya sababu hiyo uchunguzi wa Lexington ulikuwa umekwisha kutoa hukumu tangu 1962, na katika nchi nyingine magereza yalianza kuisikiliza: jimbo la New South Wales la Australia liliingiza methadoni magerezani mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya Rikers.

Karne ya 21 ilileta hesabu ambazo hazikuweza kupuuzwa. Mwaka 2007 daktari Ingrid Binswanger na wenzake walitangaza habari za watu 30,237 waliofunguliwa kutoka magereza ya jimbo la Washington kati ya 1999 na 2003: katika majuma mawili ya kwanza ya uhuru wao, hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129. Sababu yake ni nyepesi kueleza. Mwili uliokaa miezi bila heroini husahau kuivumilia, ilhali hamu huikumbuka. Mtu hutoka, hutafuta kipimo alichokizoea kabla ya kukamatwa, na kipimo hicho, ambacho zamani kilimtoa tu katika arosto, sasa humkatia pumzi. Ndipo ikadhihirika kwamba kumkausha mfungwa na kumfungulia bila dawa, jambo lililohesabiwa kwa miaka 90 kuwa ndiyo tiba, lilikuwa linamwandaa kufa. Na ilipoingia fentanili mitaani, dawa iliyo na nguvu mara nyingi kuliko heroini, maandalizi hayo yakawa ya hakika zaidi.

Jimbo la kwanza kulijibu jambo hili kikamilifu lilikuwa dogo kuliko yote, Rhode Island, ambalo lina bahati ya kuwa na jela na magereza yake chini ya idara moja. Matabibu wake walikuwa wameonyesha, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2015, kwamba wafungwa walioachiwa methadoni yao waliifikia kliniki baada ya kutoka kwa wingi kuliko walionyang'anywa. Mwaka 2016, chini ya gavana Gina Raimondo, jimbo likaamuru kila aingiaye aulizwe na kupimwa, na mwenye maradhi apewe moja katika dawa tatu: methadoni, buprenofini, iliyozaliwa katika maabara za Uingereza na kuchunguzwa kwa wafungwa wa Lexington katika miaka ya 1970, au naltreksoni, ambayo huufunga mlango wa kasumba mwilini. Katika nusu ya kwanza ya 2016 watu 26 waliotoka jela hivi karibuni walikufa kwa kuzidisha dawa. Katika nusu ya kwanza ya 2017 walikufa 9.

Mahakama, zilizoanzisha msiba huu mwaka 1919, zilichelewa kuutengeneza lakini zilifika. Tangu mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba kupuuza kwa makusudi haja kubwa ya tiba ya mfungwa ni adhabu ya kikatili iliyokatazwa na katiba; ila kwa miaka 40 ilikuwa nadra uamuzi huo kusogezwa mpaka kwenye kikombe cha methadoni. Mwaka 2018 hakimu wa serikali kuu huko Massachusetts aliiamuru jela ya wilaya imwendelezee mtu mmoja methadoni iliyokuwa imemweka salama, na mwaka uliofuata mwanamke mmoja wa Maine akashinda kesi ya namna hiyo kwa buprenofini, ushindi uliothibitishwa na mahakama ya rufani. Aprili 2022 Wizara ya Sheria ikatangaza kwamba jela imnyimayo mfungwa dawa ya uraibu aliyoandikiwa na tabibu wake yavunja sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Pamoja na hayo, jela nyingi za nchi hiyo hazijaifungulia dawa hii mlango, au humpa aliyeingia nayo na kumnyima aliyeingia bila kuandikiwa.

Habari hizi si ngeni kwetu kwa namna tuwezavyo kudhani. Unga, yaani heroini, uliingia katika miji ya mwambao, Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam, tangu miaka ya 1980, na methadoni aliyoinywesha Dole ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, kisha Kenya ikaianza mwishoni mwa mwaka 2014. Mgonjwa wetu huja kliniki kila siku na kuinywa mbele ya mwuguzi; na kwa kuwa huja kila siku, kifungo cha siku mbili kituoni kwa kosa la uzururaji chatosha kumkatia dawa na kumrudisha katika arosto. Kila mahali methadoni inapotolewa mtaani, swali la New York la mwaka 1970 hufuata nyuma yake: itamfikiaje aliye ndani?

Ukiitazama historia hii kwa jumla utaona kwamba elimu haikuwa ndiyo iliyokosekana. Arosto ilipimwa katika miaka ya 1930, dawa yake ilijulikana katika miaka ya 1940, na ubora wa kuiendeleza tangu jela hadi nyumbani ulionekana mwaka 1969. Kilichokosekana kwa karibu nusu karne baadaye ni kukubali kwamba mtu haachi kuwa mgonjwa kwa sababu amehukumiwa. Aliye huru akinyimwa dawa na tabibu mmoja huweza kumwendea mwingine, au hukopa nauli na kwenda mji wa pili. Mfungwa hana wa pili: dola, ilipomfungia mlango, ilimwondolea matabibu wote isipokuwa mmoja wake yenyewe, na kwa hiyo deni la tiba, ambalo nje ya kuta hugawanywa kwa jamaa, jirani na hospitali, ndani yake huiangukia dola peke yake, nalo haliishi siku ya hukumu wala siku ya kufunguliwa, bali siku mgonjwa anapopokewa na tabibu mwingine.